Mkono Mtupu

Jioni, kabla taa za getini hazijawashwa, mlinzi wa nyumba ya jirani yetu hapa Mbezi hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbwa akajilaza ubavu mbele yake, na kazi ikaanza. Pembeni kuna kopo la maziwa ya unga lililokatwa mdomo, ndani yake mafuta ya taa yasiyozidi kimo cha ukucha. Huanzia masikioni. Hulipindua sikio la ndani likawa nje, akalikagua hadi kwenye kile kikunjo kidogo cha ukingoni ambako wale wachanga hujificha, kisha hushuka shingoni, kwapani, mapaja kwa ndani, na mwisho kati ya vidole vya miguu, mahali ambapo mbwa wengi hawakubali kuguswa. Kila kupe hubanwa karibu kabisa na ngozi kwa kucha mbili, akavutwa moja kwa moja bila kusokotwa, maana ukimsokota mdomo wake hubaki ndani na pakawa kidonda. Aliyeshiba huwa kama punje ya mbarika, wa kijivu, mzito, na anapoangukia kwenye mafuta husikika. Wachanga hawasikiki. Mbwa muda wote hutazama barabarani. Kucha zikifika kati ya vidole hushusha pumzi ndefu, akauvuta mguu kidogo, kisha akaurudisha mwenyewe.

Nikipita humwamkia mzee. “Shikamoo.” “Marahaba. Leo wamezidi,” husema, bila kuinua macho. Ndani ya nyumba mbwa huyu anaitwa Oscar, jina alilochaguliwa na watoto. Getini anaitwa Askari. Sijui kama mzee alilisikia vibaya au alilirekebisha. Ninachojua ni kwamba mbwa huitikia yote mawili, ila la getini huliitikia upesi zaidi.

Kupe wa mbwa, huyu wa kahawia, hana haja ya pori. Anaweza kuyamaliza maisha yake yote ndani ya ua mmoja. Hutoka yaini na miguu sita, akapanda, akanywa damu, akadondoka. Hujivua ngozi akaota miguu minane, akapanda tena, akadondoka tena. Jike likishashiba mara ya mwisho humwacha mbwa na kupanda ukutani kutafuta ufa, likataga humo mayai kwa maelfu, kisha likafa. Kwa hiyo anayetoa kupe mwilini anashughulika na wachache tu wa ukoo ule. Waliobaki wako ukutani, chini ya gunia, kwenye viungo vya mbao za banda, na wanaweza kungoja miezi bila kula chochote. Duka la dawa za mifugo linauza dawa ya kuogeshea, ya kudondoshea mgongoni, na siku hizi hata ya kumeza. Mwenye nyumba hununua anapokumbuka. Asipokumbuka, kinachobaki ni kucha mbili na kopo. Mzee hana majina ya vijidudu vinavyosafiri na mate ya kupe, lakini anajua kuuinua mdomo wa mbwa na kutazama fizi. Zikiwa na wekundu wake, salama. Zikipauka, au mkojo ukatoka wa kahawia, au mbwa akasusa chakula huku pua ikichuruzika damu, huenda kugonga mlango mkubwa hata iwe usiku wa manane, na akigonga kwa ajili ya mbwa hagongi kwa woga.

Wazee waliokuwa vijana wakati wa Azimio la Arusha, mwaka 1967, wanakumbuka jinsi mdudu huyu alivyoingizwa kwenye siasa: bepari, kabaila, mlanguzi, wote waliitwa kupe. Lilikuwa tusi zuri, lenye picha ndani yake, na waliotukanwa walilielewa. Ila nikimtazama mzee naona lilimsahau mtu mmoja. Katika tusi lile kuna anayenyonya na anayenyonywa, basi. Hayumo aliyekaa juu ya ndoo na kopo la mafuta ya taa, ambaye hakunyonya, wala hakunyonywa na kupe yule, ila jioni yake imekwenda.

Mkono mtupu haulambwi. Ni methali ya mtu aliyewaona wageni wakitawanyika pilau lilipokwisha, na kwa wanadamu sina hoja ya kuipinga. Kwa mbwa ambaye methali yenyewe imeazima ulimi wake, mambo ni tofauti kidogo. Chakula cha Askari hupikwa na dada wa jikoni: ugali wa dona uliotiwa pumba, na dagaa wa bei ya chini, wale wenye mchanga, waliochemshwa mpaka jikoni hapakaliki. Huletwa saa moja usiku kwenye sufuria lililobonyea ambalo halitumiki kwa kingine. Askari hula bila kumtazama mtu. Hula akamaliza, akalisukuma sufuria kwa pua mpaka likagonga ukuta, akageuka na kwenda zake. Mkono anaoulamba ni ule wa jioni, wenye harufu ya mafuta ya taa, usio na chochote kiganjani, uliomfinya na kumvuta nywele kwa muda mrefu. Kazi ikiisha mzee hujipangusa, na kabla hajainuka ulimi umeshapita juu ya vifundo vya vidole vyake, mara mbili, mara tatu. Mtu anaweza kuniambia ni chumvi ya jasho. Inawezekana, na sitaki kumpa mbwa hekima asiyokuwa nayo. Lakini hata dada wa jikoni anatoka jasho.

Waliotutangulia walituusia tumfadhili mbuzi, tutakunywa mchuzi, kuliko mja asiye na fadhila. Ni hesabu ya haki: unatoa majani, unapata supu. Mbwa hana mchuzi. Hana maziwa, hana samadi ya maana, ngozi yake haiwambwi ngoma. Ana kubweka, na kubweka kwenyewe nusu ni kwa paka. Ukimweka kwenye mizani ya mfugaji, kati ya kuku na ng'ombe, hukosa safu ya kumwandika, na ndiyo maana kwenye nyumba nyingi gharama zake hazina mahali maalumu. Hutolewa kwenye chenji ya sokoni, au kwenye jioni ya mtu mwingine.

Mzee ni mtu wa Kilwa, nami nimekulia Pwani, kwa hiyo hakuna anayehitaji kumweleza mwenzake kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Nadhani aliyeitunga hakuwa mtu wa kuchukia mbwa. Alikuwa mtu aliyewahi kufuatwa na mbwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wana kauli nyepesi zaidi, lakini wao hawakutufikia sisi. Mzee ameyapanga maisha yake na Askari ndani ya sheria hiyo, bila kuipunguza. Ana suruali ya mbwa. Ndivyo anavyoiita, na huning'inia kwenye msumari nyuma ya kibanda, haivuki mlango. Ana ndoo ya maji, na karibu na ndoo kuna kikopo cha udongo mwekundu uliochekechwa. “Mkavu kwa mkavu hakuna kitu,” aliniambia siku moja, kanuni aliyoipata chuoni utotoni, “lakini ulimi si mkavu, baba.” Basi kupe wakiisha na ulimi ukiwa umepita, huvua suruali ile akavaa kikoi, akaosha mikono hadi viwikoni, mara ya kwanza kwa udongo, kisha midomo ikawa inahesabu hadi saba bila sauti. Ndipo huanza udhu. Magharibi humkuta kwenye mkeka, na mbwa amelala hatua chache nyuma, upande wa pili wa mstari ambao mzee aliuchora kwa kijiti zamani na ambao mvua zimeshaufuta. Mbwa bado anaufuata.

Nina marafiki wanaosema dini ndiyo iliyotufanya Waswahili tuwakimbie mbwa. Wao wenyewe wanawalaza mbwa wao kwenye makochi, wanawanunulia chakula cha mifuko kutoka dukani, na sina ugomvi nao. Mbwa wao wanang'aa. Ila marafiki hao wenyewe hawajapata kutoa kupe; kupe hutolewa na mtu mwingine. Mwenye kuosha mara saba ndiye anayemgusa mbwa kila siku, sehemu zote, hadi kati ya vidole, na kila mguso anaulipia kwa maji anayoyabeba mwenyewe kutoka kwenye simtanki. Nikiwaza hivyo, sheria ile ninayoambiwa ni ukuta huonekana kwangu kuwa ni bei. Kuna anayeitazama bei akaondoka. Kuna anayelipa.

Na Kitabu chenyewe kina mbwa wake. Wale vijana wa pangoni katika Surat al-Kahf, inayosomwa Ijumaa kwa Ijumaa, walilala na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Watu wanapobishana walikuwa wangapi, watatu, watano au saba, katika kila hesabu mbwa anahesabiwa pamoja nao. Masimulizi ya baadaye yalimpa hata jina, Kitmiri. Kisha kuna hadithi ya yule msafiri aliyeshuka kisimani akanywa, na alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo mbichi kwa kiu. Alishuka tena, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakishika kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha, akasamehewa dhambi zake. Wahubiri hukimbilia msamaha. Mimi hubaki kisimani, na kile kiatu mdomoni. Aliyeisimulia alijua kwamba huruma ina tabu ya mikono: iko miwili tu, yote inahitajika kwa kupandia, na ngozi ya kiatu kilichokanyaga njia nzima haina ladha nzuri.

Tabu hiyo ya mikono ni ya zamani. Mwaka 1914 wachimba mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita. Pamoja nao ilikuwamo mifupa ya mbwa. Zaidi ya karne ikapita, na mwaka 2018 watafiti waliochunguza meno ya mbwa yule walichapisha walichokiona: kasoro zinazoachwa na ugonjwa mkali utotoni, na kwa dalili zote ugonjwa wenyewe ulikuwa distempa. Alikufa akiwa na miezi kama saba. Aliugua kuanzia alipokuwa na miezi kama mitano, akazidiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, kwa wiki kadhaa. Aliyewahi kumwona mtoto wa mbwa mwenye distempa anajua maana yake: kuhara, kutapika, matongo yanayoziba macho, mwisho viungo kutetemeka. Mtoto wa mbwa katika hali hiyo hamalizi wiki hizo zote bila mtu wa kumtilia maji kinywani, kumfuta na kumpa joto. Tunapofundishwa jinsi mbwa alivyokuja kwetu huambiwa yalikuwa mapatano, yeye abweke na kuwinda, sisi tutupe mifupa. Sina shaka kwamba mapatano ya namna hiyo yalikuwapo. Lakini kwenye kaburi la Oberkassel siyaoni. Namwona mgonjwa mdogo ambaye hajapata umri wa kuwinda na hana nguvu za kubweka, na mtu anayefuta matapishi kwenye baridi ya Ulaya ya kale, ambayo kwetu haina hata mfano. Kupona hakupona, na watu wale walimpa nafasi kaburini.

Mapatano ya Mbezi yameandikwa, ila ni ya mlinzi. Karatasi imebandikwa ndani ya kibanda: kufungua geti, kufagia ua, kumwagilia maua, kuwasha taa za nje, kuandika magari yanayoingia. Mbwa hatajwi. Kampuni nyingi za ulinzi huwahamisha walinzi kutoka lindo hadi lindo wasije wakazoeana na mahali, kwa sababu mlinzi aliyezoea, wanasema, ndiye anayejua dirisha gani halifungiki. Mbwa anapewa chakula kwa kuzoea, na mwenzake wa zamu anahamishwa kwa kosa hilo hilo. Mzee ameponea hapo kwa kuwa aliajiriwa na mwenye nyumba mwenyewe. Alipokwenda kwao kwenye msiba, aliyemshikia zamu alikuwa kijana mstaarabu, mwenye sare safi, anayeogopa mbwa, na mbwa akaijua hofu yake kabla begi halijawekwa chini. Wakakaa kila mmoja upande wake wa geti. Sufuria lililetwa saa ile ile, likaliwa, likasukumwa. Mzee aliporudi alifanya kazi ya kupe siku tatu mfululizo kabla masikio hayajasafika, na wakati wote huo alikuwa akigomba, lakini si kwa kijana wala kwa mwenye nyumba. Alikuwa akimgombeza mbwa.

Maana wanazungumza. Dirisha langu linaelekea geti lao na mimi ni mtu wa kuchelewa kulala. Kuanzia saa saba usiku, bodaboda zikiwa zimepungua, humsikia mzee akimweleza Askari bei ya mchele, mwanawe aliyeomba nauli akainywea, kiungo wa Yanga asiyefaa. “Sasa wewe unaonaje?” Kimya. “Hapana, hapo unakosea.” Ningependa kusema kuwa ni upweke, na neno hilo lingenitosha kama ningekuwa nasikia manung'uniko. Ninachosikia ni mabishano, na mzee hashindi yote.

Mwenye nyumba si mtu mbaya. Anampenda mbwa wake kwa namna ya mtu anayerudi saa mbili usiku kutoka kwenye foleni: honi, mkia, mkono kichwani mara mbili, mlango. Yeye ndiye aliyemnunua, ndiye anayemlipa daktari wa mifugo, na jina lake ndilo liko kwenye kadi ya chanjo. Nikimuuliza mzee mbwa ni wa nani, atanionyesha nyumba kubwa kwa kidevu bila kusita, wala hatakuwa ameficha kitu. Kuna umiliki wa kadi, na kuna ule ambao mbwa anautoa mwenyewe anapouacha mguu wake mkononi mwa mtu. Mara nyingi huu wa pili haumo mawazoni mwetu, ila siku unapohitajika.

Na huhitajika. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni nadra mno apone, na karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo, hadi 99 katika kila 100, wameupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, mnyororo wa maambukizi hukatika. Lengo la dunia ni kwamba kufikia mwaka 2030 asife tena mtu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Hata porini hali ni hiyo. Mwaka 1994 distempa, ile ile ya kaburini, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu waliifuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu wakati huo mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa, na wanaokusudiwa kunufaika ni pamoja na simba ambao hawatawaona kamwe. Mbwa hao hao ukiwakuta njiani utawaita koko, na utadhani hawana mtu. Uliza. Karibu kila mmoja ana nyumba anakorudi usiku. Chanjo inawezekana kwa sababu hiyo, maana sindano hata iwe bora vipi haimfikii mbwa asiye na mtu wa kumkaribia. Watu wa takwimu wanapoandika 70 katika 100, mimi husoma idadi ya mikono ambayo mbwa wamekubali iwashike.

Niliwahi kusimama kwenye zoezi la chanjo katika kijiji kimoja cha Mara, chini ya mti karibu na shule. Bwana mifugo alikuwa na boksi la barafu, meza ya darasani na daftari. Walioleta mbwa walikuwa watoto, karibu wote, wamewafunga kwa kamba za katani, vipande vya kanga, mipira ya baiskeli. Mmoja alimbeba wake mabegani, miguu minne ikiwa imekusanywa kifuani. Watu wazima walisimama mbali wakitoa maelekezo. Ilipofika zamu ya msichana wa miaka kama tisa, aliyekuja na dume kubwa lenye kovu puani, bwana mifugo alirudi hatua moja.

“Mbwa wa nani huyu?”

“Wa baba.”

“Baba mwenyewe yuko wapi?”

Msichana akaonyesha kundi la wanaume kivulini. “Yule pale.”

“Mbona hakuja naye yeye?”

“Hawezi kumshika. Anamng'ata.”

Bwana mifugo akaandika jina la baba kwenye kadi, akagonga muhuri, kisha akamwambia msichana abane mdomo vizuri, asiachie mpaka aambiwe.